Chuma cha Mama Kwenye Wimbo wa Baba

Siku baba yangu alipochomoa waya wa spika ya mtu pale Mukurweini, tulikuwa tumetoka kuchukua dawa zake za presha. Nilikuwa mbele yake kidogo, nikimtafutia njia kati ya bodaboda na mikungu ya ndizi iliyopangwa chini. Kulikuwa na duka dogo la kutengeneza simu, lenye spika kubwa mlangoni, na mwenye duka alikuwa pia akiwawekea watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Wimbo uliokuwa ukitoka kwenye spika ulikuwa wa Baba.

Ujanani mwake Baba alipiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kubana kifuani, kwenye dansi za mwomboko kote Nyeri. Alirekodi santuri moja tu maishani. Ndani yake walikuwa watu watatu: yeye kwenye kodiani na sauti, rafiki yake aliyeitikia, na mama yangu aliyegonga karing'aring'a, duara la chuma linalopigwa kwa kijiti cha chuma ili wachezaji wajue pa kukanyaga. Rafiki alishafariki. Mama alifariki nikiwa bado nafundishwa kusoma, na mdogo wangu, mwana pekee wa kiume, akiwa bado anabebwa mgongoni. Santuri yetu ilivunjika tulipohama nyumba, kwa hiyo wimbo ule sikuwa nimeusikia tangu utotoni.

Niligeuka nikiwa tayari kucheka naye kwa furaha. Nikakuta uso wake umekaza kama wa mtu aliyetukanwa.

"Zima hiyo kitu," alimwambia mwenye duka.

"Mzee, si hii ni ngoma yenu? Wazee wote wanaitaka."

"Mama yao yuko wapi?"

Mwenye duka alinitazama mimi. "Mama ya nani?"

"Mama ya watoto wangu. Mumemtoa ndani."

Kabla sijamfikia, alikuwa ameinama na kuuvuta waya. Kimya kilichofuata kiliwageuza watu wote waliokuwa karibu. Mwenye duka alitoka nyuma ya meza, akamshika Baba mkono wa koti. "Ati nimetoa nani? Mimi nimetoa nyimbo kwa net, na ni ya bure! Kila mtu anaitoa huko!" Watu wa bodaboda walisogea. Mmoja alikuwa ameshainua simu, anatuchukua video. Nikasema kwa sauti kwamba huyu ni baba yangu, na anayeimba ni yeye mwenyewe.

"Kama ni yake, mbona anaizima?" mwenye duka aliuliza.

Nilimshika Baba mabegani nikamtoa pale. Nilichokuwa nikiogopa ni presha yake tu. Nyuma yetu nilisikia mtu akisema, "Huyu mzee amechanganyikiwa."

Neno hilo ndilo lililotuumiza wiki nzima, kwa sababu lilikuwa limeshasemwa nyumbani. Tangu mvua zilizopita Baba alikuwa ameanza kusahau. Alimwacha ng'ombe akiwa na maziwa akidhani ameshamkama. Aliwahi kuniuliza kwa nini yule rafiki yake wa santuri haji siku hizi, na mimi ndiye niliyemshika mkono siku tulipomzika rafiki huyo. Mdogo wangu, anayefanya kazi Nairobi, alikuwa akisema kwamba Baba asiachwe kuishi peke yake tena. Mimi ndiye niliyekuwa nikimzuia.

Video ilimfikia kabla hatujamaliza chai.

"Umeona?" alinipigia akisema. "Anapigana na watu sokoni kwa ajili ya mtu aliyekufa zamani. Jumamosi nakuja na gari. Nampeleka hospitali Nyeri wampime, halafu anakuja kukaa kwangu."

"Amesema Mama hayumo kwenye wimbo," nilimwambia.

"Ana karibu miaka themanini. Masikio yake mwenyewe yamechoka. Atajuaje nani yumo na nani hayumo?"

Baba alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, anasikia kila kitu. Huniita Maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Alingoja nikate simu.

"Maitu, na wewe unafikiri nimechanganyikiwa?"

Nilisema hapana, lakini nilichelewa kulisema, na yeye aliuona ule uchelewaji.

Kesho yake, kabla sijarudi kwangu Timau, nilipita dukani kumwomba msamaha yule jamaa. Alikuwa ametulia, na aliona aibu kumshika mzee koti. Nikamwomba aniwekee wimbo huo kwenye simu. Aliuweka na hakutaka malipo. "Mwambie pole," alisema. "Mimi sikuibadilisha. Imekuja hivyo."

Niliusikiliza mara nyingi. Nilisikia kodiani. Nilisikia sauti ya Baba, nyembamba na changa, na rafiki yake akiitikia. Nilipoitafuta karing'aring'a, nilisikia kitu nyuma kabisa, kama mtu anayepepeta mahindi katika chumba cha pili. Hakikuwa na mwanzo wala mwisho, na hakikumwambia mtu pa kukanyaga. Lakini sikujua kama hicho ndicho chuma, au kama chuma hakikuwahi kusikika tangu mwanzo na Baba ndiye aliyekuwa akikiongeza kwa mawazo yake. Nilikuwa mtoto. Singeweza kuapa.

Mume wangu ni mwalimu wa fizikia, mtu wa Kakamega aliyepangiwa kazi Timau tukaoana huko. Nilimpa simu nikamweleza yote. Kabla hajausikiliza wimbo wenyewe, aliangalia ukubwa wa faili.

"Hii ni ndogo kuliko picha moja ya simu yako," alisema. "Wimbo mzima wa dakika tatu! Umebanwa vibaya."

"Kubanwa si kukunjwa tu? Kama nguo kwenye sanduku?"

"Kuna faili zinazokunjwa hivyo, ukizikunjua kila kitu kiko. Hizi za kawaida zinapunguzwa kwa kutupa. Programu inausikiliza wimbo kwa niaba yako, inaamua sikio la binadamu halitakosa nini, halafu inakitupa. Ukibana kiasi, hakuna anayejua tofauti, na faili inakuwa nyepesi kutuma. Shida ni mtu akiibana sana ili nyimbo nyingi ziingie kwenye kadi moja. Halafu mwingine anachukua hiyo hiyo anaibana tena, na mwingine tena."

"Na kinachotupwa ni nini?"

"Mara nyingi sauti za juu ndizo hutangulia. Matoazi. Ile 's' mdomoni mwa mwimbaji. Mlio wa chuma."

Nilikaa chini. Nje upepo wa Timau ulikuwa ukipiga mabati, na nakumbuka niliukasirikia kwa kelele zake.

"Basi tuirudishe," nilisema. "Kuna programu za kukuza faili."

"Utapata faili kubwa, wimbo utakuwa ule ule. Kilichotupwa hakimo tena ndani. Lazima tupate nakala ambayo haikupitia njia hii." Kisha akaniambia, taratibu, kwa sababu ni mtu asiyependa kuahidi: "Lakini sikusema Baba yuko sawa. Nimesema inawezekana. Hilo si jambo moja."

Tulimpigia Baba, mume wangu akamweleza upya kwa maneno mepesi. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," alisema, "ni nani aliamua kwamba mama yao ni kitu ya kutupa?"

"Hakuna mtu aliyeamua, Baba. Ni hesabu ya mashine. Haijui ni nani anayegonga."

"Basi tafuteni ile kabla ya mashine. Na mkiipata msisikilize kabla yangu. Maitu akisikiliza, uso wake utaniambia."

Niliahidi. Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, nikiwa ofisini kwenye shamba la maua, nilianza kuutafuta wimbo kwa simu. Ulikuwa kila mahali, na kila mahali paliandikwa "pakua bure". Niligusa kiungo kimoja. Ukurasa ukafungua ukurasa mwingine, nao ukafungua mwingine, na ghafla simu ikajaa picha za uchi na sauti ya mwanamke anayecheka, mbele ya msimamizi wangu na wenzangu waliokuwa wakila. Sikuweza kuufunga. Niliishia kuizima simu kwa kubana kitufe. Jioni mume wangu aliisafisha, akaikuta humo nakala niliyokuwa nimefanikiwa kuipakua. Ilikuwa ile ile ya Mukurweini.

"Hawa hawana ruhusa ya mtu yeyote," alisema. "Wanaibiana wenyewe kwa wenyewe. Hutapata nakala nzuri kwa mwizi wa mwizi. Mwenye wimbo ni nani?"

Swali hilo sikuwahi kujiuliza. Nilidhani mwenye wimbo ni Baba. Nilipompigia aliniambia hapana: walioimba walilipwa pesa yao siku ile ile ya kurekodi, na rekodi ikabaki kuwa ya mzee aliyewaita, ambaye alikuwa na duka mjini Nyeri. Mzee huyo hayuko hai, lakini Baba alikumbuka alikuwa na binti. Alinielekeza hadi duka lenyewe, kona kwa kona, bila kukosea hata mara moja. Nikiwa nimeshika simu sikioni nilijiuliza, mtu anayeyakumbuka haya yote anasahauje ng'ombe wake?

Niliomba ruhusa kazini nikaenda Nyeri siku ya Ijumaa. Mdogo wangu alikuwa anakuja kesho yake.

Duka sasa linauza vitambaa vya kushona. Binti wa mzee ni mwanamke anayenizidi umri, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nilipomweleza mimi ni mtoto wa nani, aliacha kupima kitambaa, akauweka mkasi chini.

"Umekuja na wakili?"

"Hapana, dada. Kwa nini?"

"Watoto wa wanamuziki hawaji hapa bila wakili. Wanasema baba yangu aliwaibia baba zao. Ninayo mikataba yao yote, wote waliweka sahihi." Alikuwa akipandisha sauti, na mteja aliyekuwa dukani alitoka bila kununua.

Nilimweleza sikutaka mkataba, nilitaka kusikia chuma. Nilimsimulia kuhusu Mukurweini, waya, video, na mdogo wangu anayekuja na gari. Aliusikiliza ule wimbo kwenye simu yangu kidogo tu, akakunja uso.

"Hii ni takataka," alisema. "Baba yangu angelia." Akanieleza kwamba yeye mwenyewe alihifadhi kanda zote za kwanza za baba yake. Alimpa fundi wa Nairobi akazihamisha kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, na nyimbo zote sasa zinauzwa kihalali kwenye duka la mtandaoni. Aliniandikia jina la duka hilo.

"Si ungeniwekea tu kwenye flashi?" nilimwomba. "Ni wimbo wa baba yangu mwenyewe. Na gari linakuja kesho."

"Hapana."

Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni. "Mimi ndiye wa kunyimwa, na yule wa Mukurweini anaupiga bure barabarani?"

"Ndiyo, kwa sababu alianza mtu kama wewe," alisema, na hakukasirika. "Binamu yangu. Nilimpa kwa flashi, mtu wa nyumbani, na yeye akampa mtu wa nyumbani kwake. Hii uliyo nayo kwenye simu nadhani ndiyo mjukuu wa ile flashi. Nunua pale kama watu wengine. Haifiki bei ya soda mbili. Na usichukue ndogo. Watakuuliza unataka faili ya aina gani, chagua ile kubwa, isiyotupwa kitu."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita. "Huyo mama aliyegonga chuma, aliitwa nani? Kwenye karatasi za baba yangu hayumo. Wameandikwa wanaume wawili tu."

Nilimtajia jina. Alinifanya nilirudie herufi kwa herufi.

Nilinunua nikiwa nimesimama nje ya duka lake, nikiogopa kwamba nikifika kwa Baba mtandao utanipotea, maana mteremko anapoishi haushiki laini vizuri. Malipo yalipita. Wakaniuliza aina ya faili, nami nikachagua kubwa. Mstari wa kupakua ulianza kujaa, ukasimama, ukaandika kwamba imeshindikana. Nikaanza tena, ukasimama tena katikati. Bando lilikuwa limeisha. Nilikimbia kununua jingine kwa mtu wa kibanda, nikikosea namba kwa haraka, na safari hii nilisimama bila kuigusa simu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Ulipakuka wote.

Kidole changu kilikuwa juu ya alama ya kucheza. Ningesikiliza kidogo tu, mwanzo tu. Kama chuma hakimo, ningepata usiku mzima wa kutafuta maneno ya kumwambia Baba. Sikugusa.

Jumamosi asubuhi nilipofika kwa Baba na mume wangu, gari la mdogo wangu lilikuwa tayari limeegeshwa likitazama lango. Begi la Baba lilikuwa mlangoni, limefungwa, na Baba alikuwa amevaa koti. Hawakuwa wakizungumza.

"Dakika chache," nilimwambia mdogo wangu.

"Dada, usifanye hivi. Ukimwekea na chuma hakimo, utamvunja. Na kikiwemo, kitabadilisha nini?"

"Wacha asikie," alisema mume wangu.

Alikuwa amekuja na hedifoni zake kubwa, zile za kufunika masikio, kwa sababu alisema spika ya simu nayo ina wizi wake. Ilikuwa jozi moja tu. Hilo sikulifikiria mpaka tulipomvisha Baba: kwamba atasikia peke yake, na sisi watatu tutabaki tukimtazama uso.

Nilibonyeza.

Hakufanya lolote. Alikaa na mikono juu ya magoti, macho yamefumbwa. Kulikuwa na sauti hafifu ikivuja pembeni mwa hedifoni, lakini ilikuwa ndogo mno kuwa na maana. Nilitafuta dalili kwenye mdomo wake, kwenye vidole, kwenye mguu. Mguu haukucheza. Mdogo wangu alinitazama akatikisa kichwa polepole, na nikaanza kujilaumu kwamba ningesikiliza jana, ningejua. Nilisikia kuku wakiparura chini ya dirisha. Wimbo wa dakika tatu haukuwa ukiisha.

Ulipokwisha, Baba alizivua. Hakunipa mimi. Alimpa mdogo wangu.

"Vaa," alisema.

Mdogo wangu alivaa kama mtu anayemridhisha mzee. Nikabonyeza tena. Mara akainua mkono kutuambia tunyamaze, na hakuna aliyekuwa akisema. Alididimia kwenye kiti. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na hakuwa na kumbukumbu hata moja ya mama yetu, wala ya sauti yake au mikono yake. Alikaa mpaka mwisho akizishika hedifoni kwa mikono yote miwili.

Zamu yangu ilipofika nilikisikia tangu mwanzo kabisa. Hakikuwa mbali wala nyuma. Kilikuwa upande wa kushoto, kikali na safi, kila pigo na mwanzo wake na mwisho wake, na mtu aliyekuwa akikigonga alikuwa na haraka kidogo.

"Alikuwa anakimbia," Baba alisema nilipozivua. "Siku zote nilimwambia usikimbie. Hakunisikia."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, ametupa mgongo. Alijifuta uso kwa kiganja. "Samahani, Baba," alisema. "Yumo. Lakini bado nataka twende wakupime."

Nilifungua mdomo kumpinga. Baba alinizuia kwa mkono.

"Twende," alisema. "Mimi mwenyewe najua kuna kitu kinanipotea. Mnadhani sijui? Ng'ombe alinilia pale zizini mpaka jirani akaja. Lakini nilitaka niende hospitali nikijua kwamba hili sikukosea. Basi. Sikukosea."

Tulienda wote. Daktari alimuuliza mengi, akamtaka achore saa, akamtajia vitu vitatu na baadaye akamwuliza ni vitu gani. Kimoja alikikumbuka. Tuliambiwa ni mwanzo wa ugonjwa wa kusahau, kwamba dawa zitapunguza mwendo wake lakini hazitausimamisha, na kwamba asiondolewe mahali alipozoea bila sababu kubwa. Mdogo wangu alisikia hilo la mwisho akakubali. Tulimtafutia mama mmoja wa jirani wa kukaa naye mchana, mdogo wangu anakuja mwisho wa wiki moja na mimi nyingine, na ng'ombe tukamhamishia kwa huyo jirani.

Baba alilalamika kuhusu ng'ombe kwa mwezi mzima. Siku hizi huenda kumtazama kila jioni wakati wa kukamwa, akasimama kando ya ua akitoa maagizo ambayo hakuna anayemwomba.